Shomoro wa Tano Naye Hakusahauliwa

Haya ni mazungumzo ya juma kama yalivyosomwa redioni.



Katika miji yetu mtu hupewa namba kabla ya kuulizwa jina. Hospitalini una namba ya kadi. Benki una namba ya foleni. Kwa mwenye nyumba wewe ni "yule wa chumba cha uani", na kwa kondakta wa basi wewe ni nauli iliyosimama mlangoni. Kazini, ukistaafu leo, kesho kiti chako kina mtu mwingine, na keshokutwa mlinzi wa getini anakuuliza umekuja kumwona nani.

Si ajabu basi kwamba watu wengi hujiuliza, hasa usiku usingizi unapowaruka: Hivi mimi ni nani? Nikiondoka leo duniani, nani atakayetambua kwamba nimepungua?

Swali hilo huulizwa na kijana aliyemaliza shule zamani na bado anazunguka na bahasha ya vyeti kwapani. Huulizwa na mama ambaye kila sikukuu wakwe humkumbusha kwamba hajaleta mtoto. Huulizwa na mzee ambaye wanawe humpigia simu pale tu wanapotaka kujua habari za shamba. Ni swali zito, na maneno mepesi hayalifai. Kumwambia mtu wa namna hiyo "jipe moyo" ni sawa na kumwonyesha mwenye njaa picha ya ugali.

Leo napenda tulitazame jibu ambalo imani ya Kikristo hulitoa kwa swali hili. Nasema tulitazame, kwa sababu wengi wetu tumelisikia tangu utotoni, "Mungu anakupenda", hata limekuwa kama salamu ya asubuhi ambayo mtu huijibu bila kusimama. Je, likichunguzwa, lina uzito gani? Laweza kumbeba mtu ambaye wenzake wamemwekea bei ya chini kabisa?

Tuanzie sokoni, maana Yesu mwenyewe alianzia huko.

Katika nchi ya Palestina ya siku zile, shomoro waliuzwa kama kitoweo cha maskini. Injili ya Mathayo, sura ya 10, inataja kwamba wawili waliuzwa kwa senti moja. Senti hiyo ilikuwa sarafu ndogo ya shaba, sehemu moja ya 16 ya mshahara wa kibarua kwa siku. Lakini ukifungua Injili ya Luka, sura ya 12, utakuta hesabu nyingine: watano kwa senti mbili. Hesabu hiyo, msikilizaji, kila anayekwenda sokoni anaielewa. Ikiwa wawili ni senti moja, basi wanne ni senti mbili. Je, huyo wa tano ametoka wapi? Ni nyongeza. Ni ile nyanya moja ndogo ambayo muuzaji huitupia juu ya fungu ili mteja asiende meza ya jirani. Huyo wa tano hana bei kabisa. Hakununuliwa, wala hakukosekana katika hesabu ya muuzaji.

Na hapo ndipo Yesu anapotia neno lake: hata mmoja wa ndege hao hakusahauliwa mbele za Mungu. Hakusema kwamba wale wanne wenye bei ndio wanaokumbukwa. Alimhesabu na yule wa nyongeza. Kisha akawaambia wasikilizaji wake kwamba wao wana thamani kupita shomoro wengi.

Jambo la kuliangalia hapa ni hili. Yesu hakukana kwamba soko lina bei zake. Soko lipo, na bei zake zinauma. Alichokana ni kwamba soko ndilo lenye neno la mwisho.

Sasa tuache ndege, tuje kwa watu.

Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 16, kuna habari za mjakazi wa Kimisri aitwaye Hajiri. Alikuwa mali ya Sarai, mkewe Abramu, ambao baadaye waliitwa Sara na Ibrahimu. Sarai alikuwa hazai, akamtoa Hajiri kwa mumewe ili apate mtoto kwa njia yake. Hajiri alipopata mimba, nyumba iliingia fitina, akateswa hata akakimbilia jangwani.

Isome sura hiyo polepole, usikilize jinsi watu wanavyozungumza. Sarai akimtaja Hajiri husema "mjakazi wangu". Abramu akimjibu husema "mjakazi wako". Mazungumzo yote yanahusu mwili wake na mtoto atakayemzaa, na hakuna hata mmoja wa wakubwa hao wawili anayelitaja jina lake. Wa kwanza kulitamka ni malaika wa Bwana, aliyemkuta penye chemchemi jangwani. Akamwita Hajiri. Tena akamuuliza swali ambalo pengine hakuna aliyewahi kumuuliza: ametoka wapi na anakwenda wapi.

Mjakazi huyo, mgeni katika nchi ya watu, akawa mtu wa kwanza katika Biblia kumpa Mungu jina. Alimwita Mungu amwonaye. Wafalme walikuja baadaye, na manabii walikuja baadaye. Aliyetangulia ni mtumishi wa nyumbani, mwenye mimba na mavumbi miguuni.

Najua msikilizaji mwenye kufikiri atauliza: Kama Mungu alimwona, mbona alimwambia arudi kwa yule bibi aliyemtesa? Swali hilo ni la haki, wala sitalipitia pembeni. Kurudi kwake kulikuwa kuchungu. Ila habari haiishii hapo. Katika sura ya 21 Hajiri anatoka katika nyumba ile na mwanawe, akipewa mkate na kiriba cha maji tu. Maji yanakwisha, anamweka mtoto chini ya kichaka, anakaa mbali asimwone akifa. Hapo ndipo Mungu anaisikia sauti ya mtoto, na Hajiri anafumbuliwa macho akaona kisima. Kuonwa na Mungu hakukumwondolea jangwa. Kulimwezesha kuvuka jangwa akiwa mtu kamili mwenye jina, si kama mzigo uliotupwa.

Huenda wengine watasema kwamba hayo ni ya kale mno. Basi nitatoa mfano wa karibu zaidi, wa mwanamke wa bara letu hili, ambaye wapo wazee wetu waliokuwa wamekwisha kuzaliwa alipofariki.

Alizaliwa yapata mwaka 1869 huko Darfur, magharibi mwa Sudan, katika nyumba yenye baba, mama na ndugu wengi. Akiwa mtoto wa miaka kama minane hivi, watu wawili walimkuta nje ya kijiji, wakamteka. Hofu aliyoipata ilimfanya asahau jina alilopewa na wazazi wake. Hakulikumbuka tena maisha yake yote. Watekaji ndio waliompachika jina la Bakhita, neno la Kiarabu lenye maana ya mwenye bahati. Ni ndugu wa neno letu la Kiswahili, bahati. Mtoto aliyenyang'anywa kila kitu akaitwa mwenye bahati!

Aliuzwa, akanunuliwa, akauzwa tena, katika masoko ya El Obeid na Khartoum. Katika nyumba ya ofisa mmoja wa jeshi la Kituruki alipigwa karibu kila siku. Huko, kwa amri ya bibi wa nyumba, alichanjwa mwilini chale zaidi ya 100, kisha chumvi ikatiwa ndani ya majeraha ili alama zisifutike. Alama hizo alikufa nazo.

Mwaka 1883 alinunuliwa na balozi mdogo wa Italia mjini Khartoum, Callisto Legnani, ambaye hakumpiga. Mwaka 1885 alipelekwa Italia, akapewa familia ya Michieli, akawa yaya wa mtoto wao wa kike. Baadaye bibi wa nyumba hiyo aliposafiri kwenda Sudan kwa shughuli za biashara ya mumewe, aliwaacha Bakhita na mtoto kwa masista wa shirika la Kanosa mjini Venice. Huko Bakhita alianza kufundishwa dini.

Tangu utotoni, alivyosimulia baadaye, alikuwa akilitazama jua, mwezi na nyota na kujiuliza mwenye vitu hivi ni nani, naye alitamani kumwona. Kwa masista alielezwa kwamba huyo Mwenyewe yupo, na kwamba anamjua yeye, Bakhita. Tafakari maana ya neno hilo kwa mtu wa namna yake. Tangu alipotekwa alikuwa amejua wenyewe wengi, na kila mmoja alimjua kwa bei yake na kwa nguvu za mikono yake. Sasa akaambiwa kuna Bwana aliye juu ya mabwana wote hao, naye si mwenye mjeledi. Zaidi ya hayo, Bwana huyo mwenyewe alipata kupigwa mijeledi. Papa Benedikto wa 16, katika waraka wake wa mwaka 2007 juu ya tumaini, alimtaja Bakhita kwa ajili hiyo hasa, kama mfano wa mtu aliyepata tumaini kwa kujua kwamba anajulikana na anapendwa.

Sasa, msikilizaji, tazama matunda yake. Bibi yake aliporudi na kumtaka wafuatane Afrika, Bakhita alikataa. Mtu ambaye kwa miaka mingi hakuwa na ruhusa ya kusema "sitaki", siku hiyo alisema hataki. Akabembelezwa, akatishwa, hakuyumba. Shauri likafika mbele ya wakuu wa serikali na wa Kanisa. Tarehe 29 Novemba 1889 ikaamuliwa kwamba Bakhita ni mtu huru, kwa kuwa sheria ya Italia haikutambua utumwa.

Tarehe 9 Januari 1890 akabatizwa, akapewa majina ya Josephine Margaret, na la tatu Fortunata, ambalo kwa Kiitalia lina maana ile ile ya mwenye bahati. Jina ambalo lilikuwa dhihaka sasa likawa kweli. Inasimuliwa kwamba baadaye alionekana mara nyingi akilibusu birika la ubatizo, kwa kuwa aliona pale ndipo alipofanywa binti wa Mungu. Mwaka 1896 akaweka nadhiri za utawa.

Je, baada ya hapo akawa mkubwa? La. Kuanzia mwaka 1902 aliishi Schio, mji mdogo wa kaskazini mwa Italia, na huko alipika, alishona, alitunza vyombo vya kanisani, akawa bawabu. Kazi yake ilikuwa kufungua mlango na kumkaribisha anayebisha hodi. Alifanya kazi za namna hiyo kwa miaka mingi, mpaka uzee ulipomketisha katika kiti cha magurudumu. Alifariki tarehe 8 Februari 1947. Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenye heri mwaka 1992 na mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000, na tangu mwaka 2015 siku ya kifo chake ni siku ya kuwaombea watu wanaouzwa na kusafirishwa kama bidhaa. Biashara hiyo, kwa aibu yetu sote, haijaisha.

Hata katika pwani yetu wenyewe kuna ushahidi wa namna hiyo. Pale Mkunazini, mjini Unguja, Kanisa Kuu la Anglikana limejengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Mahali watu walipopangiwa bei, watu walianza kubatizwa kwa majina. Mwaka ule ule wa 1890 aliobatizwa Bakhita, Myao mmoja aliyekuwa mtumwa na akakombolewa utotoni alipewa upadre huko Unguja. Aliitwa Cecil Majaliwa. Majaliwa, kama kila mwenye Kiswahili ajuavyo, ni yale ambayo Mungu amemjalia mtu. Aliwahudumia Wayao wenzake huko Chitangali, kusini mwa Tanzania ya leo.

Wala tusijidanganye kwamba Wakristo walikuwa hawamo katika biashara hiyo. Meli nyingi zilizovusha watumwa bahari ya Atlantiki zilikuwa za mataifa yaliyojiita ya Kikristo, na waliomdai Bakhita kama mali yao huko Venice walitoka katika nchi yenye kanisa kila mtaa. Mtu aweza kuijua Biblia kwa moyo na bado akamwita mwenzake "mjakazi wangu".

Kutokana na mifano hii, tuone sasa misingi ya fundisho lenyewe. Ni mitatu. Wa kwanza ni kwamba mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Hayo yamo katika sura ya kwanza kabisa ya Biblia, kabla mtu hajafanya kazi yoyote, hajasoma, hajaoa wala kuzaa. Wa pili ni kwamba Mungu humjua mtu kwa jina, si kwa kundi. Katika Injili ya Yohana, sura ya 10, mchungaji mwema huwaita kondoo wake kila mmoja kwa jina. Wa tatu ni kwamba mtu amenunuliwa kwa thamani, kama Paulo alivyowaandikia Wakorintho, ambao baadhi yao walikuwa watumwa waliojua vizuri maana ya kununuliwa. Kwa Mkristo, bei ya mtu ilikwisha kuwekwa pale msalabani, na hakuna mnada mwingine unaoweza kuishusha.

Fundisho hili, hata hivyo, hupotoshwa kwa njia mbili, na kila moja inaumiza watu.

Upotoshaji wa kwanza ni ule wa kusema kwamba, kwa kuwa wewe ni wa thamani kwa Mungu, lazima uwe na gari, nyumba na afya njema, na usipokuwa navyo basi imani yako ina kasoro. Mahubiri ya namna hiyo yanajaza viwanja vya miji yetu. Lakini ukiyapima utaona kwamba yanarudisha soko lile lile mlangoni kwa jina la Mungu. Yanamwambia yule wa chumba cha uani kwamba hata mbinguni hesabu yake ni ndogo. Bakhita alikufa akiwa bawabu mstaafu. Kama utajiri ndio alama ya kupendwa na Mungu, basi yeye hakupendwa.

Upotoshaji wa pili ni kulitumia fundisho hili kuwanyamazisha wanaoonewa: "Vumilia tu, Mungu anakuona." Ni kweli Mungu anaona, lakini humwona na yule anayeonea. Bakhita alipojua thamani yake hakuzidi kunyenyekea mbele ya waliomdai. Alipata nguvu ya kuwakatalia. Mtu anayejua kwamba ana thamani mbele za Mungu hana haja ya kumtukana mtu, wala hana sababu ya kulala chini akanyagwe.

Na majivuno je? Mtu akiambiwa kwamba ni wa thamani kuu, si atavimba kichwa? Hapana, maana thamani hiyo hakuitafuta yeye, wala hawezi kumzidi nayo jirani yake. Huwezi kumringia mtu kwa kitu ambacho naye amepewa sawasawa na wewe.

Hapo ndipo neno hili linapotufikia sisi tulioketi tukisikiliza redio au kusoma gazeti. Ni rahisi kufurahia kwamba mimi nina thamani mbele za Mungu. Ugumu unaanza pale ninapokumbuka kwamba na msichana aliye jikoni anayeosha vyombo vyangu anayo hiyo hiyo. Je, jina lake kamili ni nani? Kwao ni wapi? Mama yake yu hai? Wapo watu wanaoishi na mtumishi miaka mitatu wakimwita "wewe msichana", na hawajapata kumuuliza lile swali la malaika: umetoka wapi, na unakwenda wapi? Vivyo hivyo kwa mlinzi anayekesha getini, utingo anayening'inia mlangoni mwa basi, na kuli anayebeba magunia ambaye tunamwita kwa mluzi kama mbwa.

Juma hili, basi, napendekeza jambo dogo lisilohitaji fedha. Mtafute mtu mmoja unayemwona kila siku na ambaye hulijui jina lake. Mwulize, kisha litumie. Kama kuna mshahara wake unaokaa nao, mpe, maana kumwita mtu kwa jina huku umeshika ujira wake ni mzaha.

Na wewe msikilizaji ambaye usiku unajiuliza kama kuna atakayetambua ukipungua, kumbuka ile hesabu ya sokoni. Wanne walilipiwa, wa tano akatupwa juu kama nyongeza. Muuzaji hakumhesabu, mnunuzi hakumhesabu. Lakini alihesabiwa.